Nyuma ya Daftari

Nimeanzia nyuma ya daftari la Nieves la darasa la nne,
penye kurasa kumi na moja tupu
baada ya insha yake juu ya lama wa babu.
Kushoto: kinachotoka.
Kulia: kinachoingia.
Kulia kuna nafasi tele.

Pasipoti mbili. Picha sita kila mmoja,
nyuma kuwe kweupe, bila kucheka, bila kofia.
Casimiro hajavua kofia mbele za watu
tangu mwaka ule wa mafuriko;
alipoivua akafumba macho kwa haya.
Nimeandika: picha, mara mbili.

Cheti cha ndoa. Hicho nilidhani ni bure,
miaka thelathini na minane nimekilipia.
Kumbe kinataka muhuri,
na muhuri unataka muhuri wa kuuthibitisha,
na mwenye huo wa pili yuko likizo hadi baada ya sikukuu.

Bima ya safari. Yaani bei ya kufia ugenini.
Nikamuuliza binti wa dirishani,
"Na tukirudi wazima, mtaturudishia?"
Akacheka.
Bei nimeandika. Kicheko sikujua nikiweke upande gani.

Basi la usiku hadi Santa Cruz, kwenye ubalozi mdogo,
watu wawili, kwenda na kurudi.
Casimiro akasema ataenda peke yake, atanisemea.
Wale hawataki kusemewa, wanataka vidole,
na vyangu, kwa sindano na sabuni ya miaka yote hii,
mashine ikavikataa: ikasema hapana mtu hapa.
Mafuta ya mikono, kopo moja. Bolivia kumi na nane.
Tukarudi Cochabamba. Basi tena, wiki iliyofuata.

Lakini benki ndiyo iliyonitoa jasho.
Wanataka pesa iliyolala miezi mitatu.
Pesa yetu haijui kulala,
inaingia Ijumaa, Jumamosi haina hata salamu.
Primitiva, mama wa ubatizo wa Nieves,
akatuazima za ng'ombe wake wawili,
tukazilaza kwenye akaunti kama mtoto wa jirani:
si wako, humgusi,
ila usiku unaamka kutazama kama anapumua.

Mwezi wa pili paa likavuja juu ya kitanda.
Tulikuwa matajiri, karatasi ya benki shahidi,
tukalala na beseni katikati yetu
likigonga, to, to, to,
na Casimiro gizani akihesabu matone kwa sauti
kama karani.

Mzigo: kilo ishirini na tatu kila mmoja.
Nieves haombi kitu. Labda chunyo kidogo, anasema,
huko Valencia kuna viazi lakini havijaonja baridi.
Viazi vilivyokaushwa na jalidi ni vyepesi, namshukuru Mungu.
Huko nyuma niliwahi kuandika pia: jino la Casimiro, la mbele,
mia tisa, ili mjukuu asimwogope.
Juzi nimekuta limekatwa kwa kalamu ya useremala,
pembeni, kwa mwandiko wake uliolala:
mpira, wa ngozi, namba nne.

Nikataka kugomba.
Jioni Nieves akapiga simu ya picha,
mtoto akasukuma uso hadi kwenye kioo
kutuonyesha pengo lake, jipya, pale pale.
Casimiro akavua kofia, akafungua kinywa.
Wakakaa hivyo, wawili, bila neno,
dakika nzima ya salio langu.
(Salio: kumi.)

Nimejumlisha kushoto. Nimejumlisha kulia.
Pungufu: mia nne na kumi na mbili.
Jirani anautaka ununuzi wa cherehani.
Cherehani haiuzwi, ndiyo inayoandika upande wa kulia.
Nitauza kitanda. Kina unyevu, lakini sitauficha,
bei nimeishapunguza.

Mstari wa mwisho nimeandika: jibu la viza.
Siku kumi na tano, wamesema, au zaidi.
Bei yake sijaijaza.
Wino wa insha umepenya hadi ukurasa huu,
naona kwa kinyume maneno ya mtoto:
lama wa babu habebi zaidi ya anachoweza,
akizidishiwa anakaa chini.